Mdahalo wa Macho ya Rukaya

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye mdahalo, na spika ni jokofu letu la jikoni. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba lilikuwa limevaa tai yangu.

Niseme kwanza kilichonilaza na hasira. Mwalimu alituma ujumbe kwamba Rukaya, binti yetu wa miaka minane, haoni ubao. Mimi nikasema babu yangu alisoma gazeti bila miwani hadi miaka tisini, kwa hiyo kitukuu wake hahitaji miwani. Mke wangu, Salha, akasema ni lazima avae, kwa sababu watoto wote wa jirani wanavaa. Siku tatu tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji.

"Kanuni ni moja," likasema jokofu. "Hoja ikipigiwa makofi, inakuwa kweli. Tuanze."

Inasimama pasi.

"Mheshimiwa spika, Jumatatu jua liliwaka sana. Jumanne umeme ukakatika. Kwa hiyo jua ndilo linalokata umeme."

Makofi. Watu wawili wenye ngazi wanalishusha jua, wanalikunja, wanalitia kabatini. Hatuonani tena.

Upawa unanyanyuka. "Huyo pasi aliunguza shati la bwana harusi. Ajue nini kuhusu jua?"

Makofi zaidi. Jua linatolewa kabatini, linarudishwa juu likiwa na mikunjo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikajiambia kwamba hapa ndipo mahali pangu.

Mara ukumbi ni darasa la Rukaya. Yeye yuko dawati la mbele, amekunja uso, anaukodolea ubao. Birika, ambaye ni katibu, ananiita: "Mheshimiwa Hamadi Mlekwa." Nasimama, naieleza hoja ya babu na gazeti lake, na naongeza kwamba maandishi yenyewe yalikuwa madogo. Makofi yanatikisa madirisha.

Basi yote yaliyokuwa ya babu yakawa ya Rukaya. Anaota ndevu nyeupe. Bakora inamwingia mkononi. Anakohoa kikohozi kile kile cha babu na kuuliza nani amemaliza ugoro wake.

"Na ubao je?" nauliza kwa matumaini.

"Siuoni, Baba," anajibu kwa sauti yake ya kitoto kutoka ndani ya ndevu.

Raha yote ikaniisha. Nikaomba hoja yangu ifutwe. Jokofu likasema makofi yakishapigwa hayarudi mikononi, labda mwenye hoja akiri kwamba alikosea.

Nikafungua kinywa. Neno likagoma. Nikasema, "Pengine sikueleweka." Ndevu zikafika magotini. Nikasema, "Si mimi peke yangu ninayefikiri hivyo." Zikafika sakafuni na kuanza kuelekea mlangoni. Rukaya alikuwa analia sasa, na mimi sijawahi kuogopa namna ile.

"Asiyeweza kusema atie dole gumba," likasema jokofu.

Birika akaleta kidau cha wino wa zambarau. Nikachovya, nikaligandamiza dole kwenye karatasi kwa nguvu zangu zote, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Salha alikuwa amesimama kando ya kitanda na kikombe cha chai, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa siku tatu.

"Mama Rukaya," nikasema, "mtoto apelekwe akapimwe macho. Babu hahusiki."

"Nilikuwa nakuja kukwambia hivyo hivyo, Baba Rukaya. Na watoto wa jirani hawahusiki."

Nilipopokea kikombe niliona dole gumba langu ni la zambarau. Lake pia.

Tukatazamana.

"Wewe ulikuwa kikao gani?" nikamuuliza.

"Cha kwanza," akasema. "Walimgeuza Rukaya akawa watoto wote wa jirani, kumi na mmoja, na wote wana njaa. Kunywa chai, twende."