Anjelika, Kaa Chini

Watu wa jumuiya yetu ya kanisani walipokuja kunisaidia, nilikuwa mzima. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Mjimwema, Songea, habari yangu husimuliwa kinyume, kwamba nilikuwa hoi nikaokotwa. Nilikuwa na goti moja lenye malalamiko wakati wa baridi na jicho la kushoto lenye ukungu, basi. Maji nilichota mwenyewe bombani kwa ndoo ndogo. Mahindi nilitwanga mwenyewe. Nyumba tuliyojenga na marehemu Leodegari, kwa matofali tuliyoyafyatua na kuyachoma sisi wawili, niliifagia mwenyewe, na aliyetaka kunigombeza kwa hilo alijibiwa.

Ilikuwa ile miaka kila kitu kilipokuwa ruksa. Mitumba imejaa sokoni, madirisha ya barabarani yamegeuzwa maduka, na watu waliopunguzwa kazi kwenye ushirika wamekimbilia Dar es Salaam kutafuta maisha, mwanangu Emiliani akiwa mmoja wao. Wazee tukabaki na nyumba. Ndipo Sista Adela, muuguzi wa parokia, akaanzisha huduma ya wazee majumbani. Hakutaka tukusanywe mahali pamoja kama magunia. Alitaka kila mzee azeekee nyumbani kwake, kwenye mlango anaoweza kuufungua gizani. Kila jumuiya ikaombwa mtu mmoja wa kumtembelea mzee anayeishi peke yake. Yetu ikamtoa Anjelika, mke wa fundi baiskeli, mama wa mtoto mmoja, mwanamke mwenye adabu mpaka inachosha.

Siku ya kwanza alipiga magoti kunisalimia. Kabla sijamaliza kuitikia marahaba, ndoo ilikuwa imeshaondoka mkononi mwangu. Ndivyo tunavyofundishwa huku. Ukimkuta mzee ameshika ndoo, unaipokea. Akiwa na jembe, unalipokea. Ukipita ukamwacha nalo, watu watauliza umelelewa na nani. Anjelika alikuwa amelelewa vizuri. Akapokea ndoo, akapokea ufagio na mchi, akapokea hata kisu cha kumenyea mihogo. Akaniwekea kiti barazani, akaniambia nikae.

Nikakaa, na sitadanganya, ilikuwa tamu. Nilikuwa nimefanya kazi tangu ningali nabeba wadogo zangu mgongoni. Kukaa nikiangalia mwenzangu akitoka jasho kulinipendeza sana. Mama Lidwina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akawa ananitolea mfano kila tukikutana kusali: tazameni Bibi Kasiana anavyotunzwa, hata mwiko hagusi. Wenzangu wakapiga makofi.

Mvua zikaanza, zikakolea, kilima cha Matogoro kikawa hakionekani kwa mawingu, nami bado nimekaa. Safari yangu ikawa kitanda, kiti, choo, kiti, kitanda. Halafu hata chooni Anjelika akawa ananishika mkono. Niliona mapaja yangu yamelegea ndani ya kanga, nikasema moyoni, uzee huo umefika.

Siku niliyoanguka nilikuwa naelekea jikoni kunywa maji. Ni hatua chache tu kuvuka ua. Magoti yakakunjika yenyewe, nikajikuta nimelala kifudifudi kwenye tope, kuku wananitazama. Sikuvunjika kitu. Ila sikuweza kuinuka. Nilijaribu kila namna, nikashindwa, nikalala pale mvua ikininyeshea mpaka Anjelika alipokuja kupika chakula cha mchana. Niliona haya kuliko nilivyoumia.

Habari zikapanda basi zikafika Dar es Salaam kabla nguo zangu hazijakauka. Emiliani akaja. Sasa alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, amenenepa, ana gari lake dogo la mizigo, na ananipenda. Hilo lazima niliseme, maana mengine nitakayosema yatamwonyesha kama mtu mbaya. Alinipikia uji kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasema ameshakata shauri. Baada ya mavuno atakuja kununua mahindi, na akirudi atarudi na mimi. Nyumba itapangishwa. Mama Lidwina, aliyekuwa amekaa pembeni akitingisha kichwa, aliona ni uamuzi wa mtoto mwema.

Nilimwambia siendi. Nilimwambia hapa nikikohoa jirani anajua ni mimi, na baba yake amelala makaburi ya hapa, na huko kwake Mbagala, Dar es Salaam, nitakaa ndani ya ukuta nikingoja yeye arudi kutoka kazini. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akaniuliza swali moja.

"Mama, ukianguka tena, nani atakuinua?"

Nikainamia bakuli la uji. Aliondoka akiamini tumekubaliana.

Sista Adela alikuja siku chache baadaye na mfuko wake wa dawa. Akanibonyeza magoti, akanikunja na kunikunjua, akasikiliza moyo. Kisha akaniuliza siku yangu inapitaje, tangu asubuhi. Nikamwambia, nakaa. Akauliza nani anachota maji, nani anafagia, nani anatwanga, na kwa kila swali Anjelika alijibu kwa furaha kuwa ni yeye. Sista akafunga mfuko wake wa dawa. Halafu akasema miguu yangu haina ugonjwa, imepunguzwa kazi tu, kama wale watu wa ushirika. Na mtu aliyepunguzwa kazi akikaa sana bila kuitwa, mwisho hata akiitwa haji.

Nilicheka, halafu nikakasirika. Nilikasirika hasa. Mimi Kasiana, niliyepanda kilima cha Matogoro na mzigo wa kuni na mimba juu yake, nilikuwa nimenyang'anywa miguu kwa magoti ya salamu. Nikamuuliza Sista kama miguu inaweza kuajiriwa upya. Akasema inaweza, pole pole, ila itauma. Nikamwambia kuuma nakujua.

Siku hiyo hiyo nikamwambia Anjelika arudishe ndoo, ufagio na mchi. Akarudisha. Nikamwambia, kazi yako kuanzia leo ni kukaa kwenye kile kiti changu na kuniangalia. Nikianguka vibaya, ukamwite Sista. Nisipoanguka vibaya, usiinuke. Alidhani namfukuza. Nilipomweleza vizuri, akaanza kulia.

"Bibi, watu watanionaje?"

Hapo ndipo nilipoona ninamwomba nini. Mimi nilitakiwa kuumia magoti tu. Yeye alitakiwa kukaa kitini, mwanamke kijana mwenye nguvu zake, huku bibi mwenye mvi akiinama na ufagio mbele yake, barabarani watu wanapita. Afadhali ningemwomba alime shamba zima. Nikamwambia ukweli, bila kumbembeleza.

"Heshima yako itanipeleka Dar es Salaam, Anjelika. Kaa chini."

Akakaa. Na wakamwona. Waliokuwa wakienda sokoni walinipigia salamu yetu, monile, kisha wakamgeukia yeye wakamuuliza kama mikono yake imepooza. Mwingine alisimama kabisa, akatua kikapu, akaingia uani kunipokea ufagio. Nikamwinulia ufagio huo huo akatoka mbio. Mama mkwe wa Anjelika alisikia akamwambia ameiaibisha nyumba. Mama Lidwina alikuja kushuhudia, akanikuta natwanga mchi mmoja kisha napumzika, mchi mmoja kisha napumzika, na Anjelika amekaa amejiinamia. Hakuniuliza mimi. Aliuliza hewani, jumuiya imemtoa mtu wa huduma au mgeni wa heshima? Nikamjibu kuwa mimi ndiye ninayehudumiwa na sijalalamika. Akaondoka akisema nimeanza kuchanganyikiwa, na kwamba atatafuta mwanamke mwingine mwenye huruma.

Anjelika hakuacha kuja. Kila asubuhi nilimngojea nikiwa na wasiwasi kuwa leo hatakuja, na kila asubuhi alikuja, akapiga magoti, akasalimia, akaenda kukaa kwenye aibu yake. Nilimpenda kwa hilo. Sikumwambia, nilimwambia tu asogeze kiti kisinizuie.

Lakini kufagia na kuchota maji hakukujibu swali la Emiliani. Sista Adela ndiye aliyenifundisha jibu. Alinilaza kwenye mkeka, pale uani, akanionyesha kwamba mtu aliyeanguka huwa anajaribu kusimama moja kwa moja, na hilo ndilo linalomshinda. Kwanza tulia uhesabu maumivu yako. Kisha geuka ubavu. Kisha kiwiko, kisha kiganja, mpaka ukae kitako. Kisha tambaa kwa magoti hadi kwenye kitu kizito kisichohama. Nilikuwa na kinu cha mninga, urithi wa mama mkwe wangu, kimeegemea ukuta wa jiko, hata watu wawili wakikisukuma hakiondoki. Mikono miwili kwenye mdomo wa kinu, mguu mmoja mbele, halafu unainuka na Mungu wako.

Nilijifunga kibwebwe. Mara za kwanza niliishia kiwiko, nikalala nikiangalia mbingu na kutukana kwa Kingoni, maana Kiswahili hakina matusi ya kutosha kwa magoti. Nilichubuka viganja. Siku nyingine nilifika kwenye kinu nikashindwa kuuleta mguu mbele, nikabaki nimepiga magoti pale nikilia kwa hasira. Anjelika kwenye kiti alikuwa ameng'ata kona ya kanga yake mpaka ikalowa. Hakuinuka. Mvua zikaisha, mahindi yakakauka shambani, baridi ya Songea ikaanza kuuma asubuhi, na siku moja mguu ukaja mbele wenyewe kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikasimama. Anjelika akaniangalia nimesimama, akaniuliza kama anaruhusiwa sasa kupiga vigelegele. Nikamkatalia, tusije tukajaza watu.

Emiliani alifika na gari lake, magodoro mawili nyuma ili nisichubuke njiani. Alikuwa amefikiria kila kitu, maskini. Mama Lidwina alikuwa ameleta jumuiya nzima kuniaga, wamepika wali, wamevaa vitenge vya Jumapili. Wakasali, wakaimba. Emiliani akashukuru kwa niaba ya familia. Kisha akaja kunishika mkono aniongoze garini.

Nikamwambia asubiri, bado sijamjibu swali lake. Akauliza swali gani. Sikumkumbusha. Nilitembea mpaka katikati ya ua, nikashika ukingo wa kiti changu kilichokuwa pale, nikapiga goti, nikajilaza chini. Chali kabisa, kwenye vumbi, na kitenge changu kizuri. Nikamwambia Anjelika aondoe kiti.

Nilimsikia Mama Lidwina akimtaja Bikira Maria, na nilisikia viatu vya mwanangu vikija mbio. Halafu vikasimama. Nilipogeuza kichwa nikaona kwa nini. Anjelika, yule aliyekuwa akinong'ona hata akiomba chumvi, alikuwa amesimama mbele yake na kiti mikononi.

"Kaka Emiliani," alimwambia, "kaa chini."

Akamwekea kiti. Mwanangu alikitazama kiti, akanitazama mimi, na sura yake ilikuwa ile ya utotoni, ya siku alipopotea gulioni. Akakaa.

Nikageuka ubavu. Kiwiko. Kiganja. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi lakini siyo mbele ya jumuiya nzima, na mkono ukaanza kunitetemeka vibaya. Nikaanguka tena ubavu. Mtu alianza kulia. Emiliani alinyanyuka nusu, Anjelika akamwekea kiganja begani, akarudi kitini. Nikatulia. Nikahesabu maumivu yangu, nikaona siyo mengi. Kiwiko, kiganja, kitako. Nikatambaa kwa magoti mbele za watu wote, mimi mama yao, vumbi mpaka kwenye mvi, mpaka nikakishika kinu. Nikakaa hapo nikihema. Nikaleta mguu mbele. Haukukubali. Nikauleta tena.

Niliposimama, nilijifuta mikono kwenye kitenge.

"Uliniuliza nani ataniinua," nikamwambia.

Emiliani alijifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Hakuna aliyemsogelea. Nadhani walikuwa hawajui tena ni nani wanaruhusiwa kumsaidia. Mama Lidwina akafunua sufuria. Akasema wali unapoa. Alipompakulia Anjelika sahani, aliijaza kuliko zote, akampelekea mwenyewe mpaka alipokaa.

Najua iko siku nitalala chini na kinu kitakuwa mbali. Nilimwambia Emiliani hivyo jioni ile, ili asidhani nimemdanganya. Siku hiyo Anjelika atakuja asubuhi atanikuta, na nitakuwa uani kwangu. Emiliani alishusha godoro moja akaliweka kwenye kitanda changu, akabakiza jingine garini.

Kesho yake asubuhi, kabla hajaondoka, nilitoka na ndoo yangu ndogo kwenda bombani. Alikuwa anapasha gari moto. Aliniona, akaruka chini, mkono wake ukiwa umeshanyooka kupokea ndoo, kama nilivyomlea. Kisha mkono ukasimama hewani. Akaurudisha, akaushika na ule mwingine nyuma ya mgongo, kama mtu anayekwenda kupokea komunyo asijue aweke wapi vidole. Tukaenda hivyo hadi bombani. Nilirudi na ndoo yangu imejaa, yeye kando yangu, mikono bado nyuma, akilia bila kujificha, na watu tuliopishana nao wakamuuliza amelelewa na nani.

Akawaonyesha mimi kwa kidevu.