Warigia Kwenye Benchi la Daktari

Mwaka wa 1986 Warigia, mkulima wa viazi wa Burnt Forest, alimzika mumewe Kabiru. Kabla ya waombolezaji kutawanyika, alikuwa ameshajua wa kumlaumu.

Aliyemfungua macho, bila kukusudia, ni Bethwel, mzee wa Timboroa aliyelazwa karibu na Kabiru katika hospitali moja mjini Eldoret. Wote wawili walikuwa wamepata shtuko la moyo. Baada ya mazishi, watu wakinywa chai, Bethwel alitoa tembe mfukoni akameza.

"Hizo ni za nini, Mzee?" Warigia akamwuliza.

"Si ni hizi za moyo tulipewa tukitoka. Daktari wangu alinikanya nisiache hata siku moja, ati moyo ukishashtuka unaweza kurudia. Kwani Kabiru aliacha zake?"

Kabiru hakuwa na za kuacha.

Warigia aliikumbuka siku ile. Mkubwa mmoja wa chama tawala alikuwa anakuja kukagua wodi, na kila mgonjwa aliyeweza kusimama aliharakishwa aondoke. Daktari Nicanor, aliyemtibu Kabiru, alitia sahihi karatasi ya kumruhusu akitembea. "Mzee amepona, mpeleke nyumbani," alisema, macho yakiwa dirishani. Kabiru alirudi shambani akiamini amepona, akaanguka katikati ya viazi, jembe mkononi.

Kila alasiri Nicanor alikuwa kwenye kliniki yake mwenyewe mjini, juu ya duka la vitambaa. Warigia alivaa nguo zake za kanisani akaenda kuketi kwenye benchi la wagonjwa. Mama mmoja aliyebeba mtoto alimwuliza anaumwa na nini.

"Mimi siumwi," akajibu. "Mume wangu alitibiwa na huyu daktari. Alimrudisha nyumbani bila dawa ya moyo. Nimemzika."

Yule mama aliutazama mlango wa daktari, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaondoka. Warigia alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi, akaona utamu ambao hakuwa ameuonja tangu matanga.

Alirudi kesho yake. Akaendelea kurudi, juma baada ya juma, mpaka benchi likaanza kuwa na nafasi.

Nicanor akaita polisi. Kituoni inspekta alimkazia macho.

"Mama, nani amekutuma? Huu ni uchochezi. Ukimharibia jina daktari wa serikali, unaiharibia serikali."

"Nimetumwa na Kabiru."

"Huyo Kabiru anapatikana wapi?"

"Burnt Forest, nyuma ya nyumba yangu."

Askari mmoja alicheka mpaka alipoelewa. Walimlaza seli. Walipomwachilia hakwenda nyumbani. Alirudi kwenye benchi, vumbi la seli likiwa bado kwenye nguo zake za kanisani.

Siku hiyo Nicanor alitoka nje mwenyewe. Alikuwa amekonda. Wagonjwa wachache waliokuwepo wakainua vichwa.

"Mama, nifanye nini ndio uniache?"

"Niambie mbele ya hawa kwa nini hukumpa dawa."

Nicanor akaanza kwa Kiingereza.

"Hapana. Sema na hawa wasikie."

Warigia alikuwa amejiandaa. Kama angesema dawa zilikuwa za wenye majina, alikuwa na jibu. Kama ni kwa sababu Kabiru alikuja na gambuti zenye matope miguuni, alikuwa na jibu la hilo pia, kali zaidi.

"Nilisahau," Nicanor akasema. "Siku ile tulikuwa na haraka. Nilisahau tu."

Kwa hilo Warigia hakuwa amejiandaa. Alisahau. Hakumchukia Kabiru, hakumdharau, hata hakumfikiria. Warigia akashuka ngazi bila kuaga, na Nicanor akafuta jasho akidhani yameisha.

Kesho yake daktari alimkuta Warigia mlangoni hata kabla hajafungua.

Kliniki ilifungwa viazi vikiwa bado havijavunwa. Mwenye duka la vitambaa alimwambia Warigia kwamba daktari amehamia Nairobi.

"Nairobi mtaa gani?" Warigia akauliza.