Bata wa Papa Ismaël

Mimi Marcelline, mama wa watoto watano, nimeishi Kasongo miaka arobaini na moja bila kuvuka mto Lualaba hata mara moja. Sababu yake ni bata.

Bata huyo alikuwa wa kuchorwa, katika filamu ya katuni. Tulipokuwa watoto, Papa Ismaël, jirani yetu, alikuwa na televisheni, jenereta na kaseti moja tu ya watoto. Kila Jumapili baada ya misa tuliingia kwake kwa kiingilio cha ndizi au hindi la kuchoma. Filamu ilisemwa kwa lugha ambayo mtaani hakuna aliyeijua, kwa hiyo Papa Ismaël alisimama kando ya televisheni akawasemea wote: bata, mama yake, chura, hata mvua.

Bata mdogo aliogopa maji. Ndugu zake walikuwa wamehamia ng'ambo ya mto, naye amebaki peke yake na kofia yake ya majani makavu. Siku moja alifika ukingoni, akainua mguu mmoja juu ya maji. Hapo Papa Ismaël alizima televisheni na kumalizia kwa mdomo:

"Akarudi kwake, akafunga mulango, maji haikumupata. Haya, mwende kwenu!"

Niliyaamini maneno hayo kama katekisimu. Wenzangu walipokwenda kuogelea, mimi niliwalindia nguo.

Mwaka huu binti yangu Darlène, aliyeolewa ng'ambo ya mto, mkabala na kivuko cha Nyangwe, alijifungua. Ujumbe wake niliusoma mwenyewe, kwa kuwa huu ni mwaka wangu wa pili katika darasa la watu wazima: "Mama, ni mutoto mwanamuke. Tunangojea wewe umupe jina. Kwa sasa tunamwita Yule."

Katika ukoo wetu, bibi ndiye hutoa jina la mtoto wa kwanza, naye hulitoa akiwa amempakata. Niliandika kwa uangalifu: "Mumulete hapa."

"Mama! Mutoto wa siku kumi?"

Juma hilohilo nilipita sokoni, kwenye kibanda ambamo Fadhili huwawekea watu filamu katika simu zao. Kwenye kioo cha kompyuta yake nikamwona bata. Kofia ileile. Mguu uleule juu ya maji. Nikatua beseni langu la sombe, majani ya muhogo.

"Zima sasa," nikamwambia, kwa mazoea.

"Nizime juu ya nini, Mama Darlène? Bado kuisha."

Mguu ukashuka. Bata akazama, akaibuka, akapiga chafya, kisha akaogelea hadi ng'ambo.

Fadhili aliniwekea filamu hiyo kwenye simu, nikaenda moja kwa moja kwa Papa Ismaël, ambaye siku hizi huuza sabuni mlangoni pake.

"Papa, bata alivuka!"

"Bata gani?"

Nilimwonyesha. Alivaa miwani, akatazama hadi mwisho.

"Kumbe alivuka," akasema polepole.

"Hukujua?"

"Kaseti ilikatika pale pale, mwanangu. Niliinunua hivyo. Watoto makumi tatu munaniangalia, ningesema nini?"

"Ungesema alivuka!"

"Mimi mwenyewe sijavuka hata leo. Ningemuvusha namna gani?"

Nilikuja na hasira, lakini ikapotelea katika kicheko.

"Rudisha kidogo," akaniomba. "Pale anapopiga chafya."

Asubuhi iliyofuata nilipanda pikipiki hadi Nyangwe. Kassimu, mwenye mtumbwi, aliushika ukingoni ili nipande. Niliinua mguu mmoja juu ya maji, nao ukabaki hapo.

"Huyu mama anapima joto?" abiria mmoja akauliza.

"Hapana, anangojea mto upite wote kwanza!" mwingine akadakia.

Walicheka sana. Lakini safari hii hapakuwa na mtu wa kuzima televisheni. Niliushusha mguu, nikaketi, nikafumba macho na kumwomba Mungu kwa sauti.

"Tumefika?" nikauliza baada ya muda mrefu.

"Mama," akajibu Kassimu, "kamba bado sijafungua."

Tulifika. Darlène alinipakatisha mtoto mbele ya wakwe zake, wote wakisubiri jina. Nilimpa jina la mama yangu, Émérance. Papo hapo akapiga chafya.

Wakwe hawakuelewa kwa nini nilicheka hadi nikakaa chini. Ilinibidi niwaeleze kuanzia kaseti, nami nikawasimulia mpaka mwisho.