Kikapu Kisicho na Ukingo

Karani aliita mara ya pili, "Severina, mjane wa Philbert!" na Severina bado alikuwa amekaa chini ya ukuta wa baraza, anasuka kikapu. Si kwamba hakusikia. Alisikia vizuri mno, akazidi kusuka. Kando yake Tusekile, mtoto wa miaka saba, alimchomolea milulu, majani ya kusukia, kutoka kwenye kitambaa chenye maji, maana milulu ikikauka huvunjika mkononi.

"Mama, unaitwa," mtoto akasema.

Neno hilo, mama, ndilo lililowafikisha kwenye baraza la hakimu, Igowole, mwaka ule wa hamsini na sita, na ukungu wa Mufindi ulikuwa bado haujapanda. Mama mzazi wa Tusekile alifariki siku tisa baada ya kujifungua, katika kambi ya wafanyakazi wa chai. Baba yake alimkabidhi kichanga Severina, jirani aliyekuwa akiwauzia vikapu, akamwomba amshikie kidogo tu, akaenda zake kwenye migodi ya kusini. Kidogo hicho kikawa miaka saba ya maziwa ya mbuzi, surua na baridi ya kulala wawili blanketi moja. Yule bwana hakurudi. Ilirudi barua kwamba amefariki.

Barua nyingine kama hiyo ilifika Rungwe, kwa Asukile, kaka wa huyo baba. Sasa Asukile alikuwa amepanda lori, amepita Mbeya na Igawa, amekuja kumdai mtoto wa marehemu.

Severina alikuwa na kosa moja, na jirani yake Paskalina alilipigia kelele miaka yote. Alipokuwa akipeleka vikapu kambini, aliwaomba wachuma chai wamfundishe salamu za Kinyakyusa, lugha ya kina baba yake Tusekile, akamfundisha mtoto. Hakuna asubuhi ambayo Tusekile alipewa uji kabla hajachuchumaa na kusalimia kama msichana wa kwao.

"Wewe Severina, unamfungashia mizigo mwenyewe," Paskalina alimwambia.

"Ni watu wake," Severina alijibu. "Wakija, asiwaone wageni." Kumbe moyoni aliomba wasije kamwe.

Ndani ya baraza, Hakimu Gideoni, mzee wa miwani iliyofungwa uzi sikioni, aliuliza pole pole. Alimuuliza Asukile kama amewahi kumwona mtoto huyu, hakuwahi. Alimuuliza Severina mtoto analala wapi, akiugua anapelekwa kwa nani. Mwisho akamwita mtoto mwenyewe, akamwonyesha mtu mrefu aliyekaa kwenye benchi. Akamwambia yule ni baba yake mkubwa.

Tusekile alikwenda mbele yake, kikapu alichomshikia Severina kingali mkononi. Akachuchumaa, macho chini.

"Ugonile, tata," akamwamkia, yaani umelalaje, baba.

Paskalina, aliyekuwa akichungulia dirishani, alishika kichwa. Nimempoteza, Severina alijiambia, nimempoteza kwa mdomo wangu.

Asukile alivua kofia, akaiweka magotini, akaipapasa ukingo. "Ndaga," akaitikia salamu kwa sauti ndogo. Kisha akamuuliza mtoto kafundishwa na nani, na mtoto akamwonyesha Severina kwa kikapu.

"Mzee hakimu," Asukile akasema, "nilikuja kumtoa kwa mtu aliyetuficha. Huyu mama hakutuficha."

Aliomba mtoto abaki. Hakimu hakuishia hapo, kwani alisema leo wamepatana, kesho atakuja ndugu mwingine na madai mengine. Akamwamuru karani aandike katika kitabu kikubwa kwamba Tusekile ni mtoto wa nyumba ya Severina, atakaa hapo mpaka atakapoolewa, na yeyote atakayetaka kumhamisha aanzie barazani. Severina hakujua kusoma. Akaomba asomewe. Akaomba tena. Mara ya tatu karani alifunga kitabu, lakini alikuwa anacheka.

Nje, Severina alimpa Asukile kile kikapu. Kilikuwa kimefika mabegani tu, ncha akaifunga fundo isifumuke.

"Ukingo bado, shemeji," alimwambia. "Ukija baada ya mavuno tutaumalizia."

Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hilo hata Asukile alilijua. Kilirudi na ndizi, na shanga za bibi yake Tusekile. Kikaenda na mahindi, kikarudi na mchele. Kila mwaka Severina alikigeuzageuza, akisema ukingo uje mwakani, na Asukile, mtu mwenye akili zake, hakuuliza kwa nini.

Tusekile ameolewa Iringa siku nyingi sasa, na Asukile nywele zote zimekuwa nyeupe. Lakini mavuno yakiisha, Severina huloweka milulu michache kwenye bakuli. Huitoa nje, hukaa kumngoja Asukile na kikapu mahali ambapo lori la Mbeya husikika kabla halijaonekana, na hurudia kuinyunyizia maji isikauke.