Haiuzwi

Katika chumba walichopanga, mlango haukufunguka mpaka cherehani ipandishwe kitandani. Fundi cherehani alishona amekaa ukingoni mwa godoro. Mumewe, fundi rangi, alikula amesimama, sahani mkononi. Siku mwenye nyumba alipoona tumbo la mke limeanza kuonekana, alisema mtoto akizaliwa kodi itapanda, maana mtoto naye anatumia choo. Mke alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Tutafute yetu," alimwambia mumewe. "Hata kama haina dari."

Walizunguka na dalali mpaka soli zikaisha. Walionyeshwa nyumba zisizo na choo, vyoo visivyo na nyumba, na kiwanja ambacho mvua ikinyesha samaki wanahamia. Mwishowe akawapeleka kwenye nyumba ya vyumba viwili. Ukuta wa mbele ulikuwa na herufi nyeusi: NYUMBA HII HAIUZWI.

"Mbona imeandikwa haiuzwi?" mke aliuliza.

"Dada, hayo ni ya kuwafukuza matapeli. Mwenyewe anaumwa, anauza kimya kimya. Ndiyo maana tuna mwenyekiti."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwapo kweli, mwenye tabasamu na muhuri. Kwa kuwa hapakuwa na meza, aliiweka karatasi ukutani, juu ya neno HAIUZWI, akagonga. Akiba yao yote ikaenda.

Siku ya kuhamia, fundi rangi aliyapaka maneno yale chokaa huku akipiga mluzi. Alirudia na kurudia, mpaka ukuta ukawa mweupe pee. "Si imeshauzwa?" alisema. "Tuufute uongo."

Chokaa haijaacha kunuka, akaja bibi mmoja na kifurushi kichwani. Alikuwa ametoka kumuuguza dada yake mbali. Hakuuliza wao ni nani. Alisimama akautazama ukuta.

"Maandishi yangu yako wapi?"

Mke aligeuka. Aliyaona mapazia yake mapya dirishani, akayachukia.

Wakaenda wote watatu kwa mwenyekiti.

"Bibi, mimi pale napita kila siku," mwenyekiti alisema kwa upole. "Maandishi sijawahi kuyaona." Kisha akamgeukia fundi rangi. "Ukisema hayakuwapo, kijana wangu, nyumba ni yako, yamekwisha. Ukisema yalikuwapo, basi mlinunua mkijua haiuzwi. Wezi ni nyie."

Fundi rangi aliitazama mikono yake, yenye chokaa kwenye kucha. Mke alishika tumbo. Alikipenda kile chumba cha pili, alikuwa ameshachagua mahali pa kitanda cha mtoto.

"Yalikuwapo," mke alisema. "Wewe mwenyewe uliyagongea muhuri."

Njiani mumewe aliuliza: "Tutalala wapi?"

"Pale pale, mpaka watutoe. Nenda kalete kikwangulio."

Wakaanza kuukwangua ukuta. Bibi aliumwagia maji, mume alikwangua, mke alisugua na matambara ya kushonea. Chokaa iligoma.

"Ungelipua kazi hata siku moja tu maishani mwako, upake mara moja basi," mke alimwambia, na kwa mara ya kwanza siku ile mumewe akacheka. Kufikia alasiri neno moja lilikuwa limetoka wazi: HAIUZWI.

Mwenyekiti alifika na askari. Fundi rangi alikamatwa kwa kuharibu mali.

"Mali ya nani?" mke aliuliza.

Askari alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti aliutazama ukuta.

"Hayo yatajulikana huko mbele," alisema, na gari likaondoka na fundi rangi, kikwangulio kikiwa mkononi mwa askari kama kielelezo.

Gari halijakata kona, dalali akaja na fundi mwingine na ndoo ya chokaa. Mke akaketi chini, akaegemeza mgongo kwenye lile neno. Bibi naye akashusha kifurushi chake, akaketi kando yake.

"Sogeeni, mama zangu," fundi mgeni alisema. "Mimi nimetumwa tu."

"Hata mume wangu alipaka tu," mke alijibu. "Paka. Anza na sisi."

Fundi alimgeukia mwenyekiti, ambaye hakuondoka na gari. Mwenyekiti aliitazama saa yake, akaitikia kwa kichwa. Brashi ikachovywa ndooni, na chokaa ya kwanza ikamdondokea fundi cherehani begani. Hakuipangusa.