Shingo ya Kaka

Kinyozi alikuwa na mtindo wake: akimaliza kunyoa, humshika mteja kidevu na kisogo, akaigeuza shingo ghafla mpaka ilie ko! Wateja waliupenda kuliko kunyolewa kwenyewe, na aliyeupenda zaidi alikuwa kaka yake, fundi wa kupaka rangi dari. Kutwa anatazama juu. Jioni shingo inauma, ganzi inashuka begani hadi kidole gumba.

"Nasikia brashi imekuponyoka tena. Uzee huo, kaka."

"Uzee wa bibi yako!"

"Bibi yetu mmoja."

"Basi geuza, acha maneno."

Akageuza. Safari hii kaka alipiga yowe, na alipoinuka, mkono wa kulia ulining'inia kama wa kuazima.

Daktari alianza na kiganja. Akamgongagonga kifundo cha mkono: hakuna kitu. Akapiga kinyundo ndani ya kiwiko: mkono wa kushoto ukaruka, wa kulia ukanyamaza. Mwisho akakilaza kichwa nyuma, upande wa kulia, akakibonyeza kidogo.

"Hapo hapo! Inapiga mpaka kwenye gumba!"

"Mkono hauna kosa," daktari alisema. "Ugonjwa uko shingoni. Nadhani kisahani cha gegedu kilichopo kati ya pingili kimetokeza, kinabana mshipa wa fahamu. Tutapiga picha tuhakikishe. Kuna mtu anakugeuza shingo?"

"Hakuna," kaka alidakia. "Nililala vibaya."

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni. "Ni mimi, daktari."

Picha ikathibitisha. Daktari hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuumiza. "Pengine dari ndizo zilizoanza," alisema, "wewe ukachokonoa. Nguvu huenda ikarudi. Huenda isirudi yote."

Miezi ikapita. Kaka akaja kunyolewa. Kazi ilipokwisha, mikono ya kinyozi ilikwenda yenyewe kwenye kidevu, na kaka, kwa mazoea, akafumba macho akingoja. Kinyozi akaiondoa kama aliyegusa jiko. Akachukua brashi laini, akampangusa shingo, akampangusa tena, na tena.

"Nywele zimekwisha, mdogo wangu. Au unanipaka rangi? Hebu lete, nikuonyeshe inavyoshikwa."

Akaunyoosha mkono wa kulia, akaishika brashi. Vidole havikukaza. Ikadondoka.

Kinyozi aliinama kuiokota, akakawia kuinuka. Safari hii hakuna aliyetaja uzee.