Panya wa Pembe Nne

1.

KWA MTENDAJI, MTAA WA MACHUNGWANI

YAH: PANYA

Mimi Mbelwa Shekoloa, fundi baiskeli, nalalamika. Taka hamzoi. Panya wameongezeka kama wanalipwa posho. Wameingia ndani wakala kikoi changu kipya, cheupe chenye mistari ya buluu. Wamekula kiraka cha pembe nne, pande zote sawa kama wamepima kwa rula. Hawa si panya wa kawaida, hawa wamelelewa na uzembe. Kikoi nakiacha hapo ofisini kiwe ushahidi. Sikichukui mpaka nione trekta la taka.

Shahidi: mke wangu. Alikuwepo.

2.

Ofisi imepokea malalamiko yako pamoja na kielelezo (kikoi kimoja, kimetoboka). Suala lako linafanyiwa kazi. Endelea kuwa mvumilivu.

3.

Akavumilia. Nani kasema hakuvumilia? Trekta halikuja. Taka zikapanda mpaka kuku wakawa wanazitumia kama kichuguu cha kuotea jua. Na shahidi wake, mkewe,

Sikudhani,

akafariki kabla mvua za vuli hazijakatika, gari la wagonjwa limeegeshwa kwenye uzio, halina mafuta. Dereva alikuwepo. Funguo zilikuwepo. Kibali cha mafuta kilikuwa mezani kwa mkubwa, na mkubwa alikuwa safarini.

Tangu hapo Mbelwa akisikia neno "mvumilivu" redioni, anazima redio.

Kitu kimoja hakukielewa mpaka leo. Siku ile anaandika barua ya panya, Sikudhani alikaa mkekani akajifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika.

"Unalia nini?"

"Silii, Baba Salha. Andika. Andika na hiyo ya rula."

4.

Simu, Jumanne, mikono ya Mbelwa imejaa grisi ya mnyororo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mtoto?"

"Mzima! Anapiga chafya kama wewe. Baba, arobaini ni Ijumaa. Tunamtoa nje." Salha alikuwa kwa wakwe zake, ng'ambo ya reli, na simu ile ilikuwa na upepo mwingi. "Baba... mfarishi aliokuwa anashona mama upo?"

"Upo."

"Umekwisha?"

"Umekwisha," akasema Mbelwa, ambaye hakuwa amelifungua sanduku la marehemu hata mara moja.

5.

Wewe unayesoma, umewahi kufungua sanduku la marehemu wako? Basi shika pumzi. Harufu ndiyo inayotoka kwanza.

Karafuu. Sabuni ya kipande. Yeye.

Halafu rangi! Jamani, rangi! Mfarishi ulikuwa umekunjwa juu kabisa: viraka vya kanga vimeunganishwa kimoja kwa kimoja, chini yake blanketi kuukuu, chini ya blanketi shuka. Manjano ya embe. Wekundu wa kungu. Zambarau moja iliyomkodolea macho. Mtaa mzima ulikuwa mle ndani, kila mama na kiraka chake. Salha alikaa na mume miaka mingi bila mtoto, watu wakaacha hata kuuliza, na Sikudhani kumbe alikuwa anashona tu.

Ila pindo halikupigwa. Na katikati, mahali pa kiraka kimoja, pametobolewa pamebaki wazi, blanketi linachungulia.

Mbelwa akacheka peke yake, sauti ikamshtua. Kumbe naye alikuwa na kazi ya kufanya.

6.

(Kipande hiki kimefumuliwa. Kilishonwa upande.)

7.

Yaliyosikika uchochoroni, Jumatano:

— Mnasikia? Cherehani cha Mama Salha kinalia!

— Nani anakikanyaga?

— Baba Salha.

— Toba! Atajishona kwenye suruali.

— Muache, si fundi baiskeli? Pedali anazijua.

— Anazijua, lakini kile hakina breki!

8.

Mambo ambayo mwanamume wa darasa la nne hakufundishwa na mwalimu wala na serikali:

kutunga uzi bila kuulamba mara tatu

kwamba bobini nayo ina uzi wake, huko chini, na nao hukatika

kwamba kitambaa hakisukumwi, huongozwa tu, na ukikilazimisha kinakuonyesha

kwamba mke wako alikuwa anakaa kwenye kiti hiki kila siku na mgongo haukumuuma mbele yako

Akafumua. Akashona. Sindano ikavunjika, akailaani wizara, ingawa hakujua ni wizara gani inahusika na sindano. Mguu ukateleza, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajiviringa kama tambi. Akainua mashine, akaona tatizo, ah! ni kavu, imekauka kama mnyororo wa baiskeli ya posta! Hapo sasa ni kwake. Akaleta kopo la mafuta, akatia tone hapa, tone pale, akanyoosha mkono kwenye sanduku akaokota kitambaa kilichokuwa chini kabisa, akafutia.

Akakanyaga.

Trrrrrrrrrrrrr

Ikashika! Mshono ukatoka mbele yake umenyooka kama reli! Alipiga kelele, ndiyo, mtu mzima mwenye mvi, alipiga kelele mpaka uchochoroni wakanyamaza.

9.

Kelele hiyo ndiyo iliyomleta Mama Chausiku, jirani wa mlango wa tatu, mdomo wake haujawahi kulala. Aliingia bila hodi ya maana.

"Nilidhani umejitoboa."

"Karibu. Tazama!"

Alitazama. Akapitisha kidole kwenye pindo, akasimama mahali palipopinda, akaruka, akaendelea. Hakusifu. Machoni ndiko kulikomsaliti.

"Kiraka changu hiki hapa," akasema. "Ile kanga ya zambarau. Na mwenzake ninayo, nimeshaipiga pasi."

"Mwenzake nini?"

"Baba Salha! Miaka yote umekaa na yule mwanamke!" Akajitupa mkekani kumsomesha. "Kanga huja mbili. Mkeo alikuwa anaomba moja anaikata kiraka, ya pili anakuachia. Siku ya arobaini unakuja umejifunga hiyo ya pili. Mtoto anapita mapajani kwa watu asiowajua, sawa? Lakini anaona rangi ileile aliyolalia. Hashtuki. Ndiyo maana watoto wa mtaa huu hawalii siku hiyo."

"Na asiye na mwenzake?"

"Hampakati. Siku hiyo hampakati, hata awe nani. Anakula pilau anaondoka."

Mbelwa akakumbuka arobaini zote alizohudhuria. Nje, kwenye viti vya kukodi, na wanaume wenzake, wanaisema serikali. Ndani hakuwahi kuulizia.

"Mimi babu yake," akasema. "Mimi nitampakata."

"Kwa kanga gani?"

Mama Chausiku akaihama mada hiyo, huruma si kazi yake. "Haya, na hapa katikati unaweka nini?"

"Sijui. Kuna ile kanga ya kampeni waliyogawa—"

"Mtoto alalie ahadi za wanasiasa?"

"Hapana! Nilikuwa nasema ipo, sikusema naitia!"

Wote wawili wakacheka, kisha Mama Chausiku akaacha kucheka. Alikuwa ameinama kando ya cherehani.

"Na hiki unachofutia mafuta ni nini?"

"Kitambaa tu. Kilikuwa chini ya sanduku."

"Kitambaa tu, kimekatwa kwa mkasi, kimepigwa bandi pande zote tayari kushonwa? Pembe nne, angalia, kama kimepimwa kwa—"

10.

rula

11.

Cheupe.

Mistari ya buluu.

Mbelwa alikaa chini sakafuni. Alikishika kile kiraka kwa vidole viwili kama kifaranga. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye kona moja, alama ya dole gumba lake mwenyewe.

Andika, Baba Salha. Andika na hiyo ya rula.

Mwanamke yule! Alikaa pale mkekani, mkasi chini ya paja, akimuacha mume wake ashitaki panya kwa serikali! Bila shaka alitaka kumwambia jioni. Au kesho yake. Au alisema moyoni, acha, atakuja kujua siku ya arobaini, nitacheka vizuri zaidi. Halafu homa ikaanza, na

"Kikoi hakina doti," alikuwa akisema Mama Chausiku, polepole, anapiga hesabu ya mambo. "Kwa hiyo mwenzake ni kikoi chenyewe, na tundu lake. Kiko wapi, Baba Salha?"

Mbelwa alikuwa ameshafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

12.

TANGAZO

Wananchi wote mnatangaziwa kuwa vielelezo vyote vilivyopo ofisini havitatolewa kwa mtu yeyote hadi shauri husika lifungwe. Aidha, ni marufuku kuingia ofisini na kandambili.

Kwa amri.

13.

Alisoma tangazo hilo kwa kuhema, mguu mmoja kiatu, mguu mwingine mtupu, akaona kandambili hana, kwa hiyo sheria haijavunjwa.

Kisha akainua macho dirishani.

Pazia la ofisi ya serikali ya mtaa wa Machungwani lilikuwa jeupe, lenye mistari ya buluu. Katikati lilikuwa na tundu la pembe nne. Jua lilipita hapo, likaanguka mezani kwa Mtendaji, likachora dirisha dogo juu ya makaratasi yake.

Miezi yote hii alikuwa akipita njia ile anatema mate, hatazami.

14.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka kikoi changu."

Bwana Kiluvia, Mtendaji, alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliitazama miguu ya Mbelwa, akaona aache.

"Kielelezo hakitoki mpaka shauri lifungwe, mzee wangu."

"Lifunge."

"Shauri la panya linafungwa panya wakidhibitiwa. Ndivyo lilivyoandikwa. Nawe ndiye uliyeliandika."

"Hakuna panya! Ni mke wangu!"

Kalamu moja ikaanguka.

"Mkeo... alikula kikoi?"

"Alikikata! Cha mfarishi! Keshokutwa ni arobaini ya mjukuu wangu, nisipokivaa simpakati, unaelewa wewe? Simpakati! Nyinyi mmemnyima bibi yake mafuta ya gari, sasa mnaninyima na pazia!"

Mtendaji akaokota kalamu, akachukua muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji.

"Mafuta si ofisi yangu, mzee."

"Kamwe si ofisi ya mtu."

"Andika barua ya kuondoa malalamiko," akasema kijana yule, sauti imeshuka. "Nitapiga muhuri. Utaondoka nacho leo hii."

Mbelwa akaandika. Mtendaji akasoma, akakuna shingo.

"Huu mstari wa mwisho ukate. Nikiupigia muhuri nitakuwa nimekiri."

Mbelwa akaishika kalamu juu ya karatasi. Mstari ule aliupenda. Ulikuwa mfupi, ulikuwa kweli, na mkewe angeucheka. Upepo ukaingia dirishani, kikoi kikajaa kama tumbo la mtu anayevuta pumzi, na jua likatembea kutoka makaratasini hadi mkononi mwake.

15.

YAH: KUONDOA MALALAMIKO

Mimi Mbelwa Shekoloa naondoa malalamiko. Panya hawana hatia. Aliyekata kikoi ni marehemu mke wangu, na alikuwa na sababu.

Lakini taka bado hamjazoa. (Mstari huu umekatwa kwa kalamu.)

MUHURI WA OFISI

(Chini ya muhuri, kwa mwandiko uleule, wino bado mbichi:)

Taka je?

16.

Alhamisi yote! Alhamisi yote cherehani kikilia, na Mbelwa anaimba juu yake nyimbo zisizo na maneno! Kiraka kilifuliwa kwa sabuni na majivu, kikafuliwa tena, dole gumba likapauka lakini halikutoka. "Liache," akasema Mama Chausiku, meno yamebana uzi. "Mtoto atajua babu yake ni fundi."

Kikaingia katikati. Kikakaa kama kilizaliwa hapo.

Kikoi akakipiga pasi ya mkaa. Pande zote. Tundu akalipiga pasi pia, kingo zake, taratibu.

17.

Ijumaa, ng'ambo ya reli. Wanaume nje kwenye viti vya kukodi, wanaisema serikali. Mmoja akamwita: "Shekoloa, njoo uketi, mada imeiva!"

Akapita. Kwa mara ya kwanza katika umri wake alipita.

Ndani:

— Zambarau yangu ile pale!

— Sogea nawe, umeikalia manjano.

— Ala! Mwanamume anaingia.

— Mwache. Ana mwenzake.

— Tundu liko wapi? Mbona kikoi kizima?

Mfarishi ulikuwa umetandazwa chini, mtoto katikati, visigino vyake viwili juu ya mistari ya buluu. Salha aliketi kando, uso umepakwa liwa, macho ya mama yake yaleyale. Akatazama kiraka. Akamtazama baba yake, mbele, kuanzia kifuani mpaka miguuni. Viatu viwili leo. Kikoi cheupe, mistari ya buluu, hakina kasoro.

Wote wakanyoosha shingo. Hata Mama Chausiku.

"Baba," akasema Salha, midomo inamcheza, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. "Baba, hebu geuka."

Akageuka.

Kicheko! Kilipasuka kikatoka mpaka kwenye viti vya kukodi, huko nje wakasahau mada. Nyuma ya kikoi, chini kidogo ya kiuno, tundu la pembe nne, na ndani yake suruali ya kazini yenye doa la grisi.

"Kaa chini," akasema Salha, machozi na liwa vimechanganyika. "Nyoosha mikono. Shingo, baba, shika shingo."

Mzito kuliko alivyodhani. Wa moto kama mkate. Mtoto akafumbua macho, akayapeleka kwenye paja la babu yake, kwenye mistari, akafuata mmoja mpaka ulipoishia. Akakunja uso, pua ikamcheza kama ya babu yake akitaka kupiga chafya. Akavuta pumzi ndefu, mdomo ukaanza kufunguka, na mtaa mzima ukainama kusikiliza kama ni kilio au ni